Taa Kuwaka Si Ushahidi

Soketi za matundu matatu zilizozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda zina vifuniko vidogo ndani ya matundu mawili ya chini. Vinafunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia, na viliwekwa ili mtoto akichomeka msumari asifike kwenye umeme. Tatizo ni kwamba chaja, redio na vikaushia nywele vingi sokoni vina plagi ya pini mbili za mviringo, na karibu kila nyumba ina mtu anayejua dawa yake: anasukuma kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinaachia, plagi inaingia. Pini hizo hazishiki sawasawa, kwa hiyo zinapwaya na kupata moto, lakini redio imeimba na mambo yameisha. Mtu huyo hajiiti fundi, wala asingekubali ukimwambia kwamba ameshafanya kazi ya umeme. Ameifanya, tena ile mbaya zaidi, ya kuondoa kinga. Kwa hiyo tukiulizana kama mtu wa kawaida ashike bisibisi nyumbani kwake au asishike, tunauliza jambo ambalo watu wameshalijibu kwa vitendo. Kilichobaki ni kupata kipimo cha kutenganisha kazi anazoweza kuzifanya na zile asizopaswa kuzigusa.

Kipimo kinachotumika mara nyingi ni hatari: umeme unaua, waachie wenyewe; koki haiui, jaribu. Kipimo hiki hakisimami. Chukua mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya, na cheche ndogo inatosha kulipua jiko zima. Hata hivyo mamilioni ya watu wazima hubadilisha mitungi wenyewe, na ni sawa wafanye hivyo, kwa sababu mwenye kazi anaweza kuikagua hapo hapo. Gesi imetiwa harufu makusudi ili kuvuja kujulikane, na povu la sabuni likipakwa kwenye regileta na ncha za mpira litatoa mapovu palipo na tundu. Kinyume chake, tangi la maji moto lina vali ya usalama inayodondosha maji mgandamizo unapozidi. Mtu anayeziba vali hiyo kwa sababu “inavuja” amefanya kazi nyepesi kabisa, sakafu imekauka, na ametengeneza chombo kinachoweza kupasuka. Kinachotenganisha kazi hizi mbili si ugumu wala hatari. Ni kama kosa litajionyesha kwa aliyelifanya, mapema, kwa njia aliyo nayo mkononi. Washa ya koki ikikaa vibaya, maji yatadondoka usiku huo huo. Bawaba ikipinda, mlango utagoma. Rangi ikipakwa juu ya vumbi, itabanduka. Kazi hizi fanya, haribu, rudia. Utajifunza na utaokoa hela.

Umeme wa nyumbani una tabia ya kuficha makosa yake. Fundi wa siku moja akibadilisha nafasi za laivu na nyutro kwenye taa, taa itawaka na kuzimika kama kawaida. Tofauti ni kwamba swichi sasa inakata nyutro, na kishikio cha balbu kina volti 230 hata taa ikiwa imezimwa. Atakayeligundua kosa hilo ni mtu aliyepanda stuli miezi kadhaa baadaye kubadilisha balbu. Akisahau kuunga waya wa ethi, ule wa kijani na njano, friji itagandisha vile vile. Ganda lake la chuma litaendelea kuwa salama mpaka siku waya wa ndani utakapochubuka na kugusa chuma, na hapo hakuna kitakachokata umeme mpaka mtu wa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji ashike mlango. Halafu kuna kiungo kilicholegea, ambacho nadhani ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ikiwa mahali nyaya zilipounganishwa pana ukinzani wa nusu omu tu, joto linalozaliwa hapo linakaribia wati 40, sawa na la pasi ya kuyeyushia risasi, likiwa limefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani au juu ya dari ya mbao. Birika linachemka. Hakuna breka inayoruka, kwa kuwa umeme unaopita haujazidi kiwango. Kiungo kinaoka kidogo kidogo, na kila kikioka ukinzani wake unaongezeka.

Wengi hujifariji kwamba breka zipo. Hili lahitaji kuelezwa vizuri, maana breka inapewa sifa isiyo yake. Sakiti breka hulinda waya usiungue. Breka ya soketi huwa ya ampea 20 au 32, na haishtuki mpaka umeme uvuke hapo. Mwili wa binadamu, hasa ngozi ikiwa na maji, una ukinzani wa kukadiria omu 1,000, hivyo volti 230 zitapitisha karibu robo ya ampea. Huo ni umeme wa kuwasha balbu ya zamani ya wati 50 hivi, na ni mara nyingi zaidi ya miliampea 30 ambazo zikipita kifuani kwa muda wa kutosha huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka inaona robo ampea na kudhani mtu amewasha taa. Kifaa chenye kazi ya kumlinda mtu ni RCD, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nacho kina mpaka: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kitaona hesabu imetimia na kukuacha. Wapo pia waliobadilisha fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Hao wameondoa hata ule ulinzi wa waya.

Utasikia kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye video. Ni kweli video zimefundisha watu wengi kuziba mabomba na kupiga rangi, na sina ugomvi nazo huko. Kwenye umeme zina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hufundisha kuunga, na mara chache hufundisha kupima, kwa sababu kupima hakupendezi kutazama na vifaa vyake ni ghali. Ya pili ni nchi zinakotoka. Marekani waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro, kwa volti 120. Katika nyumba zetu zilizofuata utaratibu wa zamani wa Uingereza, mwekundu ni laivu na mweusi ni nyutro. Utaratibu mpya, ambao Uingereza yenyewe iliufanya wa lazima mwaka 2006, umeleta kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro, na kwenye umeme wa njia tatu mweusi umekuwa moja ya laivu. Nyumba iliyoongezwa chumba hapa na banda pale inaweza kuwa na mifumo yote miwili ukutani. Anayefuata video kutoka Texas akiwa Tabata anaweza kufuata kila hatua kwa uaminifu na bado akashika waya wa moto akiamini ni baridi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni hii: fundi wa mtaani naye anabahatisha. Wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wanawajua vishoka, wanaojifanya watumishi au wakandarasi na kutoweka na malipo, na wapo mafundi wazuri wa mkono ambao hawajawahi kumiliki kifaa cha kupimia zaidi ya bisibisi ya testa. Kwa nini basi nimlipe mtu akafanye kwa kubahatisha kile ninachoweza kubahatisha mwenyewe bure? Hoja hii ina ukweli mwingi, lakini haielekei inakodai kuelekea. Bisibisi ya testa inaonyesha kwamba waya una umeme. Haionyeshi kama ethi imeshika ardhini, wala kama mpira wa waya umechubuka ndani ya ukuta. Kwa hayo kuna mega, inayosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizokatwa umeme ili kuona kama unapenya ganda, na usomaji usishuke chini ya megaomu 1. Kuna kipimo cha ukinzani wa ethi. Kuna cha kuhakikisha RCD inakata kwa wakati. Wasio na vifaa hivyo, wawe mafundi au wenye nyumba, wako kwenye mashua moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi kabla ya bei ni atapima kwa kutumia nini na ataandika wapi alichokisoma. Tanzania, kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni ya EWURA; Kenya, leseni hutolewa na EPRA. Leseni peke yake haimfanyi mtu awe makini, lakini inakupa jina la kumrudia mambo yakiharibika, jambo ambalo namba ya simu isiyopokelewa haiwezi.

Kuna wanaosema nyumba ni yangu na roho ni yangu. Ingekuwa hivyo kama umeme ungeishia getini. Umeme ukikatika, mtu mwenye jenereta hutengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, anachomeka kwenye soketi yoyote, na nyumba nzima inawaka. Akisahau kuzima swichi kuu, umeme wake unatoka hadi nje na kufika kwenye transfoma. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili: iliyozoea kushusha volti 11,000 au 33,000 itazipandisha tena, na fundi wa shirika aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, anakutana nazo. Siku hizi pia kuna inveta na betri za sola, ambazo zinaacha soketi zikiwa hai hata mita ya LUKU imezimwa, na anayekuja kurekebisha kesho anaweza asijue. Tena wengi wetu ni wapangaji. Tunaishi na kazi alizofanya mtu aliyekwishahama.

Nchi zinazojali jambo hili hazikubaliani, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Australia inamkataza asiye na leseni kufunga nyaya hata kwake mwenyewe. New Zealand, jirani yake, inamruhusu mwenye nyumba kufanya kazi kadhaa kwenye makazi yake, ila nyaya mpya alizozilaza lazima zikaguliwe na kupimwa na mkaguzi mwenye leseni kabla ya kuunganishwa. England ilibana mwaka 2005 kwa kutaka kazi nyingi za umeme wa majumbani zipitie kwa mamlaka ya ujenzi au fundi aliyesajiliwa, kisha mwaka 2013 ikalegeza: kuongeza soketi jikoni kwenye njia ya umeme iliyopo hakuhitaji tena taarifa, ila kuweka njia mpya ya umeme au kubadilisha bodi la breka bado kunahitaji. Utaratibu wa New Zealand ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu haujali nani alishika waya, unajali nani amepima. Sisemi tuuchukue ulivyo. Unahitaji wakaguzi wa kutosha, na mtu wa Sumbawanga vijijini akisubiri mkaguzi atasubiri sana.

Huko vijijini, pamoja na miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, kuna kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari: bodi moja lenye breka, soketi na taa, linalofungwa ukutani kwenye nyumba ndogo bila kutandaza nyaya. Ni jibu la busara, kwa kuwa kazi ya kificho imeshafanywa na kupimwa kiwandani. Mashaka yangu ni kwa kinachofuata, pale familia inapotaka taa chumba cha pili na mtu anavuta waya mwembamba kutoka kwenye bodi hadi kwenye paa la bati.

Kwa hiyo nikimchorea mpaka mtu mzima wa kawaida, naona abadilishe balbu huku swichi kuu imezimwa, abadilishe fyuzi kwa fyuzi ya kiwango kile kile, na afunge plagi mpya kwenye pasi iliyochomolewa, maana plagi unaifungua mezani na kuona kila waya umekaa wapi. Abonyeze kitufe cha kujaribia cha RCD mara kwa mara, na kisipokata aite fundi siku hiyo. Asifungue oveni ya maikrowevu hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita yake huweza kubaki na chaji ya maelfu ya volti. Hita ya kuogea ya wati 5,000, inayovuta zaidi ya ampea 21, asiiunge kamwe kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba. Na akijenga, kuna kazi nyingi ya jasho inayoweza kupunguza gharama: kuchimba kuta, kulaza mabomba ya plastiki, kupachika visanduku vya soketi kwa kufuata mchoro wa mkandarasi. Hapo kosa linaonekana kwa macho kabla ya plasta. Mkandarasi avute nyaya, aunge, apime, na aache nakala ya vipimo vyake ikiwa imebandikwa ndani ya mlango wa bodi la breka, ambako mpangaji wa miaka kumi ijayo ataikuta.