Gari la haibridi Ntobeye: Lini umwage oili ya injini?

Na Mwandishi Wetu, Ngara

GARI linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, maarufu kama haibridi, lina tabia moja inayomshangaza mtu anayelipanda kwa mara ya kwanza: huondoka kimya. Injini haiungurumi, na abiria hudhani bado limezimwa. Ukimya huo ndio uliozaa dhana miongoni mwa baadhi ya wamiliki kwamba, kwa kuwa injini hupumzika sehemu kubwa ya safari, oili yake nayo inaweza kukaa muda mrefu kuliko ile ya gari la kawaida.

Dhana hiyo ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, katika mazingira kama ya kata ya Ntobeye, wilayani Ngara mkoani Kagera, inaweza kumgharimu mwenye gari injini nzima. Huku kuna vilima, barabara za udongo na changarawe, na vumbi jingi miezi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti. Gari likigoma, si gari tu lililogoma. Ni mgonjwa aliyekuwa awahishwe Hospitali ya Murgwanza, au mzigo uliokuwa ufike mnadani kabla ya jua kuwa kali.

Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari aina ya Prius nchini Japani Desemba 1997, na Desemba 2011 ikaingiza sokoni gari dogo zaidi aina ya Aqua. Magari ya namna hiyo yaliyokwishatumika Japani ndiyo yanayoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam na kununuliwa na Watanzania wanaotafuta nafuu ya petroli. Gari likitoka bandarini hadi Ngara huwa limesafiri zaidi ya kilomita 1,200, sehemu kubwa ikiwa ni lami. Likishaacha lami na kuanza maisha ya vijijini, ratiba ya matengenezo lililokuja nayo haina budi kubadilika.

Kiwanda kinasema nini

Kwa magari ya petroli yanayouzwa nchini mwake, yakiwamo ya haibridi, Toyota huelekeza kwa kawaida kwamba oili ya injini ibadilishwe kila baada ya kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Nchini Marekani, magari yanayotumia oili ya sintetiki aina ya 0W-20 hupewa maili 10,000, yaani takribani kilomita 16,000, au miezi 12.

Wamiliki wengi huishia kusoma hapo. Lakini maelekezo hayo yana sehemu ya pili, inayohusu matumizi magumu. Humo hutajwa barabara mbovu au zenye vumbi, milima na miteremko ya mara kwa mara, safari fupi za kurudiarudia, na injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Kwa gari la namna hiyo, Toyota hupunguza muda kwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita kwa Japani, na maili 5,000, sawa na kilomita 8,000, au miezi sita kwa Marekani.

Mkazi wa Ntobeye hana haja ya kujiuliza yuko kundi gani. Vumbi analo, milima anayo, na safari fupi za kutoka nyumbani hadi sokoni au shuleni ndizo za kila siku. Kwa maneno mengine, yale ambayo kiwanda huyaita matumizi magumu, kwake ndiyo matumizi ya kawaida.

Kwa nini oili huchakaa injini ikiwa imezimwa

Oili ina kazi nne ndani ya injini: kulainisha vyuma vinavyosuguana, kupunguza joto, kubeba uchafu na kuzuia kutu. Oili huchoka kwa sababu kuu tatu, nazo ni joto, uchafu na muda. Haibridi hupunguza sababu ya kwanza, lakini mbili zilizobaki haizipunguzi, na wakati mwingine huziongeza.

Chukua mfano wa safari ya kilomita tatu asubuhi yenye baridi. Injini huwaka kidogo, kisha mfumo wa gari huizima na kuiachia kazi mota ya umeme. Injini haipati muda wa kupata joto lake kamili. Petroli ambayo haikuungua pamoja na mvuke wa maji hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, mahali oili inapotulia. Katika safari ndefu, joto la injini huuondoa unyevu huo kama mvuke. Katika safari fupi, unyevu hubaki, nao hujikusanya siku baada ya siku. Matokeo yake oili huwa nyepesi kupita kiasi na nguvu yake ya kulinda vyuma hupungua.

Dalili za hali hiyo zinaweza kuonekana kwa macho. Oili hunuka petroli, kipimo chake hupanda badala ya kushuka, au chini ya kifuniko cha kuongezea oili hujitokeza utando wenye rangi ya maziwa.

Kwa upande wa vumbi, hewa inayoingia kwenye injini hupita kwanza kwenye chujio la hewa. Chujio likichanika, au likifungwa bila kukaa sawasawa, chembe za mchanga huingia kwenye silinda, hushuka kwenye oili na kuifanya ifanye kazi ya msasa. Ndiyo maana katika barabara za vumbi kubadilisha oili bila kukagua chujio la hewa ni sawa na kudeki nyumba huku mlango uko wazi.

Milima nayo ina lake. Gari linapopanda, betri pekee haitoshi, hivyo injini huwaka na kufanya kazi nzito. Linaposhuka, mota hugeuka kuwa jenereta na kuijaza betri. Iwapo mteremko ni mrefu na betri ikajaa, magari ya Toyota ya aina hiyo huizungusha injini bila kuchoma petroli ili kusaidia kupunguza mwendo. Dereva husikia mngurumo na kudhani kuna hitilafu, kumbe ni kawaida. La kuzingatia ni kwamba, hata wakati huo, pistoni zinazunguka na zinahitaji oili.

Yapo pia magari kama Nissan Note e-Power, lililotoka mwaka 2016, ambalo magurudumu yake husukumwa na mota ya umeme wakati wote, injini ikiwa na kazi ya kuzalisha umeme tu. Kwa gari la namna hiyo, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi hazisemi injini imefanya kazi saa ngapi. Kalenda ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi.

Hesabu ya mmiliki

Kwa kuzingatia hayo, kanuni ya tahadhari kwa mazingira ya Ntobeye ni kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Kiwango hicho kiko chini kidogo ya kile cha kiwanda kwa matumizi magumu, na kuna sababu. Gari ni la mtumba, historia yake ya matengenezo mara nyingi haijulikani, na injini yenye umri mkubwa huchafua oili haraka kuliko mpya.

Tuchukue mwalimu anayeendesha kilomita 20 kwa siku. Katika siku 182, ambazo ni nusu mwaka, atakuwa ametembea kilomita 3,640 tu. Akisubiri zifike 5,000, atapitiliza miezi sita kwa zaidi ya miezi miwili. Huyu afuate kalenda. Dereva wa teksi anayeendesha kilomita 120 kwa siku atafikisha 5,000 baada ya takribani siku 42. Huyu afuate kilomita.

Aliyenunua gari sasa hivi asisubiri chochote kati ya hivyo. Abadilishe oili na chujio lake mara gari linapofika, aandike tarehe na kilomita kwenye karatasi, kisha aibandike ndani ya boneti. Hesabu yake ianzie hapo.

Aidha, taa za dashibodi zisichanganywe. Taa ya kukumbusha matengenezo, kwa magari yenye taa hiyo, kwa kawaida huhesabu umbali tu. Haipimi ubora wa oili. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ni jambo jingine kabisa. Hiyo huashiria kwamba msukumo wa oili umeshuka, na dereva anapaswa kusimama mahali salama na kuzima gari papo hapo.

Oili ipi itumike

Haibridi nyingi za Toyota zilizotengenezwa miaka ya karibuni huelekezwa kutumia oili nyepesi ya 0W-20, na baadhi ya mpya zaidi 0W-16. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa na joto. Kwa kuwa injini ya haibridi huzimika na kuwaka mara nyingi ndani ya safari moja, inahitaji oili inayofika kwenye vyuma haraka.

Kosa linaloweza kutokea ni fundi kumimina oili nzito ya 20W-50 au SAE 40 kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Oili hiyo inaweza kuyafaa magari ya zamani, lakini katika injini hizi huchelewa kufika inakotakiwa na huongeza matumizi ya petroli, yaani ile nafuu iliyomfanya mtu anunue haibridi hupotea. Baadhi ya Prius za zamani zilielekezwa kutumia 5W-30, kwa hiyo daftari la gari lenyewe au maandishi ya kwenye kifuniko cha oili ndiyo yafuatwe.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Injini ya lita 1.5 ya Aqua huchukua takribani lita 3.7 chujio likibadilishwa, na ile ya lita 1.8 ya Prius lita 4.2. Kuzidisha nako kuna madhara, hivyo kipimo kikae kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia. Mnunuzi achague kopo lililofungwa kiwandani, lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na adai risiti.

Kati ya badiliko moja na jingine, kijiti hicho kichomolewe walau kila baada ya wiki mbili, gari likiwa sehemu tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Injini kuukuu inaweza kula oili kimyakimya, na ikibaki kidogo hakuna ratiba itakayoiokoa.

Hatari ya ukimya gereji

Kuna jambo ambalo fundi aliyezoea magari ya kawaida anaweza kulisahau. Haibridi ikiwa na taa ya READY kwenye dashibodi iko tayari kuondoka hata kama iko kimya, na injini yake inaweza kujiwasha yenyewe wakati fundi yuko chini ya gari au oili imekwisha kumwagwa. Kabla ya kazi kuanza, gari lizimwe kabisa, taa hiyo ihakikishwe imezimika, na funguo iwekwe mbali na gari. Magurudumu yawekewe vizuizi na gari lisimame kwenye stendi imara badala ya kutegemea jeki peke yake.

Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa unaoweza kuua. Kubadilisha oili hakuhitaji kuzigusa, hivyo fundi anayezifungua bila mafunzo azuiwe.

Oili iliyomwagwa nayo isiachwe ardhini. Maji ya mvua katika vilima vya Ngara huteremkia mabondeni na kuishia kwenye mito ya Ruvubu na Kagera, inayokutana karibu na Rusumo, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoipokea kwa ajili ya kuirejesha katika matumizi.

Kwa mwenye haibridi anayeishi mjini na kutembelea lami, kanuni haibadiliki sana, kwani foleni na safari fupi nazo ni matumizi magumu. Tofauti ni kwamba wa mjini akikosea, huenda fundi aliyezoea haibridi hayuko mbali. Wa Ntobeye akikosea, injini nyingine itabidi isafirishwe kutoka mbali, na gharama yake ni mara nyingi zaidi ya kopo moja la oili. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari hili ufa wenyewe hausikiki.