Kijijini Hakuna Chama cha Wenye Nyumba, Lakini Kuna Mkutano Mkuu

Kila baada ya likizo ya Desemba maswali ni yale yale. Mtu aliye ughaibuni amenunua nyumba na eka mbili nje ya Mikumi, wilayani Kilosa, ametuma fedha yote, mkononi ana picha za vigingi na karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti. Miezi michache baadaye anatokea mwingine na karatasi kama hiyo, eneo lile lile, sahihi ile ile.

Tunajua kinachovutia. Waliokaa Marekani wamechoshwa na vyama vya wenye nyumba: ada kila mwezi, barua ya onyo nyasi zikirefuka, ruhusa hata ya kupaka rangi mlango. Kilosa unapanda mwembe unapotaka na kufuga kuku bila kuomba kibali cha jirani. Tena tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 na kusimama Kilosa, madalali hawalali.

Habari za paa, nyufa na kisima hatuzigusi hapa. Fundi wako atakueleza. Watu wanakwama kwenye swali moja: nani alikubali uuziwe?

Kwanza jua uko wapi. Kilosa mjini na Mikumi mjini ni miji midogo. Huko kiwanja kilichopimwa kinakwenda kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na hati yake inatafutwa ofisi ya ardhi. Ukitoka nje kidogo, kuelekea kata za Rudewa, Zombo au Ulaya, uko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Dalali hatakwambia umevuka mpaka, kwa sababu pengine naye hajui.

Kijijini, mwenyekiti peke yake si kijiji, na mtendaji peke yake si kijiji. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya Mkutano Mkuu, yaani wanakijiji wote wenye miaka 18 na kuendelea. Hata anayeuza shamba lake mwenyewe kwa mgeni lazima apitie halmashauri. Hili si jipya: tangu 1985 Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema mauziano ya ardhi ya kijiji bila ridhaa ya serikali ya kijiji ni batili. Umelipa, umejenga, umeweka na bati, lakini kisheria hujanunua.

Kwa hiyo usiombe barua. Omba muhtasari wa kikao, wenye tarehe, orodha ya mahudhurio na jina lako ndani yake. Mtume ndugu asiye na maslahi ahudhurie kwa macho yake. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake asaini pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa yake.

Hapa ndipo ofisi zetu zinapochosha. Mtendaji hayupo, mkutano umeahirishwa, akidi haikutimia, njoo wiki ijayo. Kisha inatajwa "asilimia kumi ya kijiji", kana kwamba imeandikwa kwenye Katiba. Omba uonyeshwe sheria ndogo inayoiruhusu, na ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali tu. Ukiambiwa mtandao uko chini, fedha nazo zisubiri mtandao.

Kilosa ina mitego yake mingine. Baadhi ya mashamba ya mkonge yalifutiwa hati, na vipande vyake huuzwa kabla serikali haijagawa. Anayekuuzia hana cha kuuza. Migogoro ya wakulima na wafugaji imeua watu, Rudewa Mbuyuni mwaka 2000 ikiwa mfano mchungu, basi uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na eneo lako limetengwa kwa nini. Mto Mkondoa ulifurika kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, ukaacha maelfu bila makazi na kuharibu reli. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na ukinunua karibu na Hifadhi ya Mikumi, tembo hawasomi mikataba. Serikali hutoa kifuta jasho, fidia haitoi.

Mwisho, wenye pasi za nchi nyingine. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mapema 2025 yameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, yakigusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Hakimiliki ya kimila ya kijijini imebaki ya raia. Kuficha jina lako nyuma ya la mdogo wako hakukufanyi mmiliki, kunamfanya yeye. Siku akifariki, utajieleza kwa warithi wake.

Ukishanunua kihalali, hudhuria mikutano, changia zahanati na barabara, fuata sheria ndogo. Kijiji nacho kina ada na masharti yake, ila hapa hakuna kampuni ya kukuandikia barua, kuna majirani. Kama huwezi kusubiri mkutano mmoja wa kijiji, usinunue kijijini. Nunua kiwanja kilichopimwa mjini, chenye hati uliyoithibitisha ofisi ya ardhi kabla ya kutuma hata shilingi moja.