Shilingi ya Waziri Haijengi Zahanati

Kila Aprili, msimu wa bajeti ukifunguliwa Dodoma, swali linarudi lilelile katika Bonde la Kilombero, kutoka Mkula, Mang'ula, Kiberege mpaka Mlimba: mbunge wetu amesimama mara ngapi kuisemea afya? Muulizaji huwa hana haja ya jibu. Mkononi ana simu yenye video ya dakika mbili ambayo mbunge wa jimbo la mbali anapiga meza, anatangaza kwamba "anashika shilingi" ya Waziri wa Afya, na ukumbi unalipuka kwa makofi. Mbona wa kwetu hafanyi hivyo? Swali hili limeshajibiwa kwa upole mara nyingi mno, na upole haukusaidia. Kuhesabu mara ambazo mbunge amesimama si kupima kazi yake. Afadhali aulizwe amebadilisha maneno gani katika sheria ipi, maana hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kumfanyia.

Tuanze na hiyo shilingi, kwa kuwa ndiyo iliyowapumbaza wengi. Wizara ikishawasilisha bajeti yake na wabunge wakaijadili, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Likifikiwa fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge ambaye hajaridhika na jambo la kisera anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Waziri anafafanua, wenzake wachache wanachangia, kisha mwenye hoja ama anairudisha shilingi kwa hiari ama wabunge wanahojiwa na kwa kawaida anashindwa. Basi. Hakuna mahali katika utaratibu huo ambapo senti moja inaongezwa kwenye zahanati ya kijiji chochote. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo, pamoja na lile ulilokuwa unalisubiri wewe. Zao pekee la shilingi iliyoshikwa ni ahadi ya waziri iliyoingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na ahadi hiyo ina thamani kwa mbunge anayerudi nayo miezi sita baadaye akiwa na tarehe na ukurasa. Video ya mbunge akirudi na ukurasa haisambai, kwa hiyo hakuna anayeidai.

Kuna kosa kubwa zaidi: shilingi hiyo mara nyingi ni ya mtu asiyehusika. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya inashika sera, miongozo, hospitali za rufaa za mikoa na kwenda juu. Bonde la Kilombero lina ushahidi wake lenyewe. Kuanzia Novemba 2010 hadi Mei 2012, Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii alikuwa Dk. Hadji Mponda, mbunge wa Ulanga Magharibi, yaani jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Naibu wake alikuwa Dk. Lucy Nkya, naye mbunge kutoka mkoa huuhuu wa Morogoro. Mkoa mmoja ulikalia viti vyote viwili vya wizara, mpaka wote wawili walipoondolewa baada ya mgomo wa madaktari. Anayeamini kwamba sauti ya afya bungeni ndiyo inayoleta zahanati atuonyeshe zilizoota bondeni kwa sababu ya viti hivyo. Hili si la kuwalaumu wao. Zahanati hazikuwa kwenye fungu lao, kama zisivyokuwa kwenye fungu la waziri anayepigiwa meza leo.

Halafu kuna Katiba, ambayo kila mtu anaitaja na wachache wanaifungua. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kutoza kodi, au ya kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais na kuletwa na waziri. Mbunge wa jimbo, hata awe na sauti ya radi, hawezi kuandika muswada wa kujenga kituo cha afya Mkula. Wala vitisho vya "kuikwamisha bajeti" si silaha ya kweli: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake anapoteza na kiti. Ukiyajua hayo unaona kwa nini kura za ukumbini hazina miujiza. Fedha ya afya anaipigia kura mbunge, lakini kwa mlango ambao wapiga kura hawauangalii, nao ni Sheria ya Fedha ya kila Juni. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilitokana na sheria ya namna hiyo. Zilipozua kilio zikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na Serikali ikazitetea kwa kuonyesha vituo vya afya vilivyokuwa vinajengwa kwa makusanyo hayo. Mkulima wa miwa wa Mkula aliyekatwa alipomtumia mwanawe ada alikuwa anachangia afya kwa uamuzi wa mbunge wake. Ni wangapi walimuuliza alipigaje kura siku ile?

Kwa hiyo tunamdai mbunge kile ambacho Katiba imemkataza na kumsamehe kile ilichomruhusu. Alichoruhusiwa ni maandishi: kuongeza neno, kufuta kifungu, kusogeza umri, kukataa sharti. Muswada ukisomwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati ya kudumu, ambako wadau wanasikilizwa na vifungu vinachambuliwa. Unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, halafu Kamati ya Bunge Zima inaupitia kifungu kwa kifungu, na hapo mbunge aliyewasilisha jedwali la marekebisho kwa Katibu wa Bunge ndiye mwenye neno. Hotuba ya dakika kumi bila jedwali ni maoni, na hayo hata muuza mchele wa Ifakara anayo.

Nguvu ya maandishi hayo inaonekana katika mabadiliko ya Novemba 2019. Ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ule mkusanyiko wa vifungu visivyofanana ambao wengi hawausomi, Bunge lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008: umri wa kuridhia kupima VVU bila idhini ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15, na mtu kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Ni mistari michache tu, na haikuhitaji kujenga chochote. Kijana wa miaka 16 wa bondeni ambaye juzi yake angegeuzwa mlangoni kwa kukosa sahihi ya baba, tangu hapo aliweza kupima na, ikibidi, kufikishwa mapema kwenye kliniki kama ile iliyoko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, inayohudumia wenye VVU tangu 2004. Hakuna shilingi ya waziri iliyowahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote unafundisha zaidi. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022 ukiwa na masharti ya kumkwamisha asiye na bima anapotafuta huduma nyingine, leseni ya udereva na ya biashara zikiwemo. Viwango vilivyotajwa hadharani wakati huo vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Linganisha na shilingi 30,000 ambazo kaya ya watu sita ilikuwa inalipa kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa. Kwa kaya inayolima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mkula, ambayo fedha yake inaonekana wakati wa mavuno na kutoweka mpaka mavuno mengine, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bima ipo au haipo. Muswada ukabanwa kamatini, ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na uliopitishwa Novemba 2023 haukuwa uleule. Lakini kiwango cha mkulima kiliachwa kiamuliwe na kanuni anazotunga waziri, na hapo ndipo wapiga makofi walipolala. Kanuni hazijadiliwi ukumbini kifungu kwa kifungu. Hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kuchambuliwa baadaye na Kamati ya Sheria Ndogo, ambayo wapiga kura wengi hawajawahi kuisikia. Mbunge aliyeuliza kwa nini kiwango kisiandikwe ndani ya sheria yenyewe alikuwa anawatetea wakulima kuliko aliyesema mara ishirini kwamba wananchi wake ni maskini.

Mfano wa tatu hauna hata kisingizio cha fedha. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 13 na cha 17, inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019, na Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Bunge la 11 likamaliza muda wake, la 12 nalo likamaliza mwaka 2025, vifungu vikiwa palepale. Katika miaka hiyo mimba za utotoni zimesemewa bungeni kwa uchungu usiohesabika. Kupandisha umri hakuchoti fedha Hazina, kwa hiyo Ibara ya 99 haimzuii mtu, na kanuni zinamruhusu mbunge yeyote kuleta muswada binafsi. Ukitumia hesabu ya kusimama, wabunge hao wote wamefaulu. Ukiuliza kifungu, karatasi ni tupu.

Kuna watakaosema: mbunge asiposema, serikali itajuaje shida zetu? Ni hoja ya haki, na kauli za ukumbini zilichangia kuurudisha nyuma muswada wa bima. Lakini zilikuwa na shabaha, zikilenga masharti yaliyoandikwa. Wengine watasema kwamba mbunge wa chama chenye wingi hana uhuru wa kupinga. Ndiyo maana kamati ina uzito kuliko ukumbi: kule kifungu kinarekebishwa kabla ya msimamo wa chama kuwa suala la heshima, na waziri anaweza kukubali marekebisho bila kuonekana ameshindwa. Ya mwisho, kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kufuatilia vifungu, inakera. Mkulima anayesoma mkataba wa kiwanda cha sukari mpaka kwenye makato ya usafiri wa miwa hawezi kuambiwa kwamba kifungu cha bima kimemzidi akili. Na hesabu yenyewe ya kusimama inachakachulika kirahisi, maana mchango wa maandishi uliokabidhiwa mezani bila kusomwa nao unaingia kwenye Hansard.

Ya kufanya, kwa haraka. Zahanati inaanzia kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, inapita kamati ya maendeleo ya kata, inaingia kwenye mpango wa halmashauri kabla Bunge la bajeti halijaanza. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo mdaini kule mahudhurio kabla ya kumdai Dodoma. Swali la zahanati lielekezwe TAMISEMI, na lidai tarehe. Tangu 2017/18 fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kamati ya usimamizi ya kituo chenu ioneshe mapato na matumizi ubaoni. Mbunge akirudi jimboni aulizwe mambo matatu: yuko kamati gani, jedwali gani la marekebisho amewasilisha, na Sheria ya Fedha aliipigiaje kura. Muswada wa afya ukitangazwa, kamati inapokea maoni ya maandishi kupitia ofisi ya Katibu wa Bunge, Dodoma. Ukurasa mmoja unatosha. Taja namba ya kifungu, andika maneno unayotaka yafutwe na yale unayotaka yawekwe badala yake, na nakala mpelekee mbunge kabla kamati haijafunga kupokea maoni.