Pumzi za Dakika Moja

Homa ya vichomi, ambayo wauguzi wa leo huiita nimonia, hushambulia vifuko vidogo mno vya hewa vilivyomo katika mapafu, ikavijaza usaha na majimaji, hata hewa ambayo mwanadamu huivuta usiku na mchana bila ya kuikumbuka ikakosa mahali pa kutua. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2019 pekee maradhi haya yaliwafisha watoto zaidi ya 740,000 wasiotimiza miaka 5. Nami naamini kwamba wengi miongoni mwao wangalipona lau mtu wa nyumbani angaliwatazama kifua mapema.

Nilipata kuketi katika zahanati moja ya shamba, nikamwangalia muuguzi wa makamo akimpima mtoto wa miezi 7. Hakuanza na dawa wala kipimajoto. Alingoja mtoto amalize kulia, akamwacha atulie mapajani mwa mamake, kisha akamfunua fulana hadi kwapani, akaiweka saa yake kando ya tumbo, macho yakawa yanakwenda na kurudi baina ya mshale wa sekunde na ngozi ile iliyokuwa ikipanda na kushuka. Alihesabu dakika nzima, kwani pumzi za mtoto mchanga haziendi kwa mizani, na mwenye kuhesabu nusu dakika akazidisha mara mbili huenda akakosea.

“Hamsini na nane,” akasema.

“Lakini dada, mbona mwili wenyewe si wa moto sana?”

“Usimguse kipaji cha uso tu, mama. Mtazame mbavu.”

Hesabu zenyewe si nyingi, na kila mlezi aweza kuzihifadhi: kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno, kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50, na kwa aliyetimiza mwaka hadi kukaribia miaka 5, ni 40. Na ikiwa kila avutapo pumzi sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani badala ya kutanuka, mapafu yamekwisha kulemewa. Ama asiyeweza kunyonya, au atapikaye kila alishwacho, au apatwaye na degedege, au alalaye asiamke vizuri, huyo hangojewi kuche. Apelekwe hospitali usiku ule ule, mahali penye oksijeni.

Hapa sina budi kutaja jambo liniumizalo moyo. Katika sehemu kadhaa za nchi zetu mtoto akikohoa mno hupelekwa kwa mkata kimeo, na kile kinyama kinachoning’inia kooni kikakatwa kwa dhana ya kwamba ndicho asili ya kikohozi. Kimeo hakina hatia yoyote. Ugonjwa uko chini mbali, na mtoto aliyekwisha dhoofika huongezewa jeraha, damu na siku zilizopotea, ilhali kidonge cha amoksisilini huyeyushwa kijikoni kwa maji safi au maziwa ya mama, akapewa asubuhi na jioni.

Mtu mzima naye ana uuguzi wake. Asilazwe chali, bali aegemezwe mito hata kifua kiinuke, mapafu yapate nafasi ya kutanuka. Na asiyejiweza ageuzwe ubavu kila baada ya saa 2 hivi, makohozi yasituame upande mmoja. Kukohoa kwamwuma, nami nimeona wagonjwa wakijizuia kwa kuuogopa ule mchomo. Apewe mto aukumbatie kifuani, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe kwa nguvu, ateme katika kopo lenye kifuniko. Anyweshwe maji na uji mwepesi kidogo kidogo, na kinywa chake kisafishwe, kwa sababu uchafu wa kinywani huweza kuteremka kifuani. Dawa aimalize yote, ijapokuwa homa imemwacha siku ya tatu. Wazee wetu wahitaji jicho la zaidi: babu aweza kushikwa na kichomi minghairi ya homa wala kikohozi kikubwa, dalili ikawa ni kukataa chakula, kuchanganyikiwa ghafula, na kuwaita wajukuu kwa majina ya watu waliokwisha kufa.

Kinga iliyo kubwa ni chanjo ya nimokoka, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2011 na Tanzania ikafuatia. Huchanjwa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maziwa ya mama matupu kwa miezi 6 na sabuni ya mikono ni kinga pia. Na moshi! Mtoto afungwaye mgongoni wakati mamake akipuliza kuni katika jiko lisilo dirisha huuvuta moshi ule ule auvutao mzazi. Heri mafiga yahamishiwe uani, au mtoto apokewe na mtu mwingine hadi chakula kiive.

Siku ya tatu yule mama alirudi zahanati. Muuguzi alimpa saa, akamwambia ahesabu mwenyewe. Alihesabu huku midomo ikimcheza, akakosea, akaanza upya, na dakika ilipotimia akainua uso.

“Thelathini na nane, dada.”