Kijito Kinachoulisha Mto Dee

Kwenye Mto Dee, Scotland, mvuvi huingia majini na mabuti ya mpira yanayofika kifuani, akarusha mshipi mbali. Kwenye ndoana kuna manyoya yaliyofungwa kwa ustadi yafanane na mdudu au dagaa. Samaki aina ya samoni aliyerudi kutoka baharini hali kitu mtoni, lakini chambo kikipita mbele ya pua yake huenda akakidaka. Kwa ajili ya tukio hilo moja, watu hulipa fedha nyingi.

Uhai wa samaki huyo, hata hivyo, huanzia juu zaidi, kwenye vijito kama Girnock, kinachoingia Dee karibu na mji mdogo wa Ballater. Majira ya vuli jike hulala ubavu, akapigapiga changarawe kwa mkia mpaka shimo litokee. Hutaga humo maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, kisha jike huyafukia. Vifaranga hukaa kijitoni miaka miwili au mitatu, ndipo washuke baharini, wengine wakafika hadi Greenland. Wakikomaa hurudi, na harufu ya maji ndiyo inayowaongoza hadi walikozaliwa.

Tangu 1966 watafiti wameweka mitego Girnock kuhesabu wanaopanda na wanaoshuka. Ni subira ya kuheshimiwa, ingawa matokeo yake yanauma: majike wanaopanda kutaga wamepungua mno. Hali ni hiyohiyo kwingineko. Mwaka 2023 wavuvi wa mshipi wa Scotland walipata samoni wachache kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu takwimu zianze, 1952.

Baharini kuna matatizo mengi tusiyoyaweza. Joto la kijito, hata hivyo, tunaliweza. Miteremko ya kandokando ya kijito ilifyekwa miti zamani, na kulungu hutafuna kila mche unaochipua, basi jua la kiangazi hupiga maji yasiyo na kivuli. Yakifika nyuzi 23 hivi, samoni mchanga huacha kula. Ndiyo maana miti ya asili inapandwa sasa kingoni, ndani ya uzio.

Wavuvi nao hurudisha majini karibu kila samoni wanayemnasa. Ni vyema, lakini haitoshi: samaki aliyechoshwa kwenye maji vuguvugu anaweza kufa hata akiachiliwa kwa upole. Anayekwenda kuvua huko na apime maji kwanza. Yakizidi nyuzi 20, asirushe mshipi.