Marehemu Aboud Jumbe: Tumpime kwa Mizani Gani?

Katika mabaraza yetu hapa London, jina la marehemu Alhaj Aboud Jumbe ni nadra kutajwa pasizuke mabishano. Mmoja atamwombea rehema kwa kuilegeza kamba iliyowakaba Wazanzibari. Mwengine atauliza: mbona hakuikata? Wote wawili wana hoja.

Alishika madaraka Aprili 1972, baada ya kuuawa Mzee Abeid Amani Karume. Tangu Mapinduzi ya 1964 Rais hakupigiwa kura, na sheria zikitungwa na Baraza la Mapinduzi. Jumbe, mwalimu aliyesoma Makerere, aliigeuza hali hiyo polepole. Mwaka 1979 Zanzibar ilipata katiba. Mwaka 1980 likaanza Baraza la Wawakilishi, na Rais akapigiwa kura. Mgombea alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Hata hivyo, kisanduku cha kura kilikuwa kimerudi.

Lakini ni katika zama zake hizo hizo ndipo walioshitakiwa kwa njama ya kumuua Karume walipohukumiwa na mahakama ya wananchi, pasi na mawakili wa kuwatetea. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo mwaka 1974 bila ya kuwapo mahakamani, kwani alikuwa kizuizini Bara hadi 1978. Ndiye Babu huyo aliyefariki katika mji wetu huu mwaka 1996. Walio na jamaa miongoni mwa waliohukumiwa hawawezi kuambiwa wasahau.

Jambo la tatu ndilo lenye mazingatio makubwa zaidi. Tarehe 5 Februari 1977, chini ya uongozi wake, Afro-Shirazi iliungana na TANU ikazaliwa CCM, na chama kikawa juu ya kila kitu. Miaka saba baadaye Jumbe alitaka suala la muundo wa Muungano lifikishwe kwenye Mahakama ya Katiba, huku akipendelea serikali tatu. Januari 1984, katika kikao cha chama Dodoma, alibanwa hadi akajiuzulu nyadhifa zake zote. Chama alichokipa nguvu ndicho kilichomng'oa.

Aliishi Mji Mwema, Kigamboni, akiitumikia dini, mpaka alipofariki Agosti 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2013, tume ya Jaji Warioba ilikuwa imependekeza rasmi serikali tatu. Fikra iliyomwangusha ikawa sasa inajadiliwa hadharani, ijapokuwa haikupita.

Ndugu wasomaji, watoto wetu waliozaliwa huku watatuuliza habari za viongozi wetu. Tusiwape malaika wala shetani. Dini yetu inatuamrisha uadilifu hata kwa yule tusiyempenda. Basi tuwaeleze mlango alioufungua, na waliobaki nje ya mlango huo. Na tuwafahamishe kwamba uhuru unaotolewa kwa hisani ya mtawala, bila ya sheria iliyo juu yake na juu ya chama chake, huweza kuondoshwa kwa kikao kimoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliotangulia. Amin.