Mdakaji wa Uganda na ngazi ndefu ya ligi ndogo za Marekani

MFANYABIASHARA anayevuka Katuna kwenda Kampala kufuata bidhaa hana sababu ya kuwaza mchezo wa besiboli. Hata mimi niliyekulia upande ule wa mpaka kabla familia yetu haijarejea nyumbani, nilijua soka, netiboli na ngumi basi. Glavu ya besiboli niliiona mara ya kwanza ndani ya robota la mitumba. Muuzaji aliiuza pamoja na viatu vya watoto, bila kujua ni ya mkono gani wala ya kazi gani.

Leo hii watu wengi waliokuwa kama muuzaji yule wanaujua mchezo huo kwa sababu ya kijana mmoja wa Uganda, Dennis Kasumba. Picha zake za video akifanya mazoezi zilianza kusambaa duniani kwa kasi mwaka 2022. Anachuchumaa huku amebeba tairi la gari, anaruka, anadaka mpira, anainuka na kurusha. Vifaa vyake ni vile ambavyo sisi tunaokwenda sokoni kila wiki tunavikanyaga njiani: tairi kuukuu, matofali, madumu. Kwetu tairi lililochakaa ni mali ya fundi wa kandambili. Kwake lilikuwa chuma cha mazoezi.

Wengi walioziona video hizo walimhurumia. Mimi nadhani huruma hiyo iliwafanya wakose kuona jambo kubwa zaidi, nalo ni kazi aliyoichagua. Kasumba ni mdakaji, na katika besiboli hakuna nafasi inayochukua muda mrefu kuivisha kuliko hiyo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Mrushaji husimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa mrushaji wa kulipwa unaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa, hivyo unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Nyuma ya mpigaji ndipo anapochuchumaa mdakaji, amevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu. Yeye ndiye anayemwashiria mrushaji aina ya mpira wa kutupa. Ndiye pia anayepaswa kuuzuia kwa mwili wake ukidunda chini. Mpinzani akijaribu kuiba kituo cha pili, mdakaji ana kama sekunde mbili tu za kudaka, kuinuka na kuufikisha mpira huko, umbali wa karibu mita 39. Tangu mwaka 2023 kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi, kwani vituo vilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kumtishia mkimbiaji.

Tairi linajenga miguu ya kazi hiyo, na ukiitazama miguu ya Kasumba utakubali kuwa tairi lilifanya kazi yake. Lakini tairi halikutupii mpira wa kilomita 150, wala halikufundishi kumsoma mpigaji aliyekosa mipira miwili ya kwanza. Hayo hupatikana mchezoni tu, na kwa wingi. Salvador Pérez wa Venezuela, mmoja wa wadakaji wakubwa wa kizazi hiki, alisajiliwa na Kansas City Royals mwaka 2006 akiwa na miaka 16. Alianza kucheza Ligi Kuu mwaka 2011. Huyo alitoka nchi ambako besiboli ni kama soka kwetu, na bado alikaa miaka mitano katika ligi ndogo.

Ndiyo maana Waganda waliotangulia kupata mikataba mingi wao ni warushaji. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male. David Matoma naye alisajiliwa na Pittsburgh Pirates. Mkono wenye kasi hauhitaji maelezo: msaka vipaji anaelekeza kifaa cha kupimia mwendo, anasoma tarakimu, anaandika. Mdakaji hana tarakimu moja ya namna hiyo. Thamani yake inaonekana mchezo wa hamsini, pale warushaji wanapoanza kumwamini.

Hapo pana fundo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mdakaji hukua kwa kudaka mipira ya warushaji wakali. Uganda sasa inawatoa, lakini kila aliye mkali anachukuliwa mapema na kupelekwa ng'ambo. Mdakaji anayebaki nyumbani anabaki na mipira ya polepole. Ni kama duka ambalo mzigo mzuri unauzwa jumla kabla haujafika rafuni.

Kasumba alifika Marekani mwaka 2023, baada ya kuwahi kunyimwa viza. Alijiunga na Frederick Keys ya Maryland, timu iliyokuwa wakati huo katika ligi iitwayo MLB Draft League, iliyoanza mwaka 2021. Ligi hiyo ilianzishwa kwa ajili ya vijana wanaosubiri mchujo wa kila mwaka ambao klabu huutumia kuchagua wachezaji. Hata hivyo, mchujo huo ni wa wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Mwafrika anayetoka nyumbani kwao hachaguliwi humo. Husajiliwa moja kwa moja kama mchezaji huru wa kimataifa. Msimu ule ulimalizika bila klabu ya Ligi Kuu kumpa Kasumba mkataba. Vijana aliokutana nao pale walikuwa wamedaka tangu utotoni, wengine wakiwa na makocha wa nafasi hiyo peke yake. Kwa mizani hiyo, kufika tu kwenye uwanja ule lilikuwa jambo zito.

Kuhusu viza, Waganda wana historia chungu. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda tiketi ya kwenda Kombe la Dunia la watoto huko Williamsport, Pennsylvania, lakini walinyimwa viza na nafasi yao ikachukuliwa na timu nyingine. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Tatizo la mwaka 2011 lilikuwa karatasi, hasa za umri na kuzaliwa.

Suala hili la karatasi linatuhusu sana sisi wa mipakani. Klabu za Ligi Kuu husajili vijana wa kimataifa kuanzia miaka 16, katika kipindi kinachofunguliwa Januari 15 na kufungwa Desemba 15. Kabla ya mkataba kukubaliwa, umri na utambulisho wa kijana huchunguzwa. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa kambini au ugenini, akaandikishwa shule kwa tarehe moja, kisha familia iliporudi akaandikiwa kitambulisho kwa tarehe nyingine. Nawafahamu wengi wa namna hiyo. Ndani ya ukoo wangu wapo watatu. Kwa mchuuzi wa nyanya tofauti ya mwaka mmoja haina madhara. Kwa kijana mwenye kipaji inaweza kufunga mlango.

Fedha nazo zisikuzwe kupita kiasi. Chini ya makubaliano ya mwaka 2023, kiwango cha chini cha mshahara kwa ngazi ya mwanzo kabisa ya ligi ndogo kilipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800 kwa mwaka, na ngazi ya juu, Triple-A, kutoka 17,500 hadi 35,800. Ni fedha nzuri ukizipima kwa faranga au shilingi, lakini anayezipokea anaishi na kula kwa bei za Marekani. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza Ligi Kuu, alisajiliwa mwaka 2008 na akaingia uwanjani Aprili 26, 2017. Hiyo ni zaidi ya miaka minane ya kupanda ngazi.

Kwa hiyo mzazi atakayefuatwa na mtu mwenye tisheti ya klabu akidai ada ya majaribio au ya viza, ajue kuwa katika biashara hii klabu ndiyo humlipa mchezaji. Anachoweza kukifanya yeye mapema, na kwa gharama ndogo, ni kwenda ofisi ya uandikishaji na vyeti vyote vya mtoto, vya ng'ambo na vya nyumbani, na kuhakikisha vinasoma tarehe moja.